Homoni ya Giza: Safari ya Melatonini Hadi Tumboni mwa Mama

 

Tulipokea ujumbe mfupi kutoka kwa mama mmoja mwenye mimba ya miezi sita. Anafanya kazi kiwandani, zamu ya usiku, tangu saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Akirudi nyumbani usingizi haumjii. Watoto wa jirani wanacheza mlangoni, mabati yanachemka kwa jua, magari yanapiga honi. Dada yake aliye Marekani amemtumia chupa ya vidonge vya melatonini. Huko, asema dada, vinauzwa dukani pamoja na vitamini, na hakuna anayekuuliza cheti cha daktari. Swali la mama lilikuwa la maneno matatu: nikimeza, mtoto ataumia?

Tulimjibu siku iyo hiyo kwa ufupi kwamba asimeze kwanza, na aende na chupa hiyo kliniki. Lakini jibu fupi bila sababu ni amri tu, na amri za watu wa afya akina mama wamezisikia nyingi mno. Leo nataka kukueleza sababu, na sababu yenyewe ina historia ya zaidi ya miaka mia moja. Tega sikio, nitaisimulia kama ilivyotokea, pamoja na makosa ya wataalamu njiani.

Katikati ya ubongo wako, ndani kabisa, iko tezi ndogo kama punje ya mchele. Inaitwa tezi ya pineali, jina lililotokana na tunda la msonobari kwa sababu ya umbo lake. Galen, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, aliieleza katika maandishi yake. Katika karne ya 17 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alidai kwamba hapo ndipo penye makao makuu ya roho. Usimcheke. Aliona sehemu nyingine za ubongo ziko mbili mbili, kulia na kushoto, na hii iko moja peke yake. Akawaza kwamba lazima iwe na kazi kubwa. Kuhusu kazi hakukosea sana, ingawa kazi yenyewe hakuijua.

Uhusiano na uzazi ulianza kunong'onwa mwaka 1898. Daktari Mjerumani aitwaye Otto Heubner alieleza habari za mtoto wa kiume wa miaka minne na nusu aliyekuwa amebalehe kama kijana mkubwa. Mtoto huyo alipatikana na uvimbe kwenye tezi ya pineali. Madaktari wakafikiri hivi: tezi hii kazi yake ni kuzuia uzazi mpaka wakati ufike, na ikiharibika breki imekatika. Wazo hilo lilikaa vichwani mwa watu kwa miaka mingi. Baadaye ilijulikana kwamba baadhi ya uvimbe wa mahali hapo hutoa homoni ile ile inayotafutwa kwenye mkojo wa mama anapopimwa mimba, na kwa mtoto wa kiume homoni hiyo huamsha ubalehe. Basi huenda breki haikuwa na hatia.

Mwaka 1917 Wamarekani wawili, Carey McCord na Floyd Allen, waliwalisha viluwiluwi vipande vya tezi hizo zilizotolewa kwa ng'ombe. Viluwiluwi vikabadilika rangi, ngozi ikawa nyeupe mpaka unaweza kuona matumbo ndani. Jambo la ajabu, lakini lilisahauliwa kwa takriban miaka arobaini.

Aliyelifufua alikuwa daktari wa ngozi, Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale. Yeye hakuwa anawaza mimba wala usingizi. Alikuwa akiwahangaikia wagonjwa wa mbalanga, wale ambao ngozi yao hupoteza rangi kwa mabaka mabaka. Aliwaza kwamba kitu kinachobadilisha rangi ya kiluwiluwi huenda kikafumbua siri ya mbalanga. Basi yeye na wenzake wakaanza kukusanya tezi za ng'ombe kutoka machinjioni. Fikiria kazi hiyo, msikilizaji. Kila ng'ombe ana tezi moja, ndogo, iliyofichika ndani ya ubongo. Walitumia zaidi ya laki moja, na kazi ikachukua miaka. Kila walipochuja walijaribu tone kwenye ngozi ya chura kuona kama rangi itafifia. Mwaka 1958 wakatangaza kwamba wamekipata, na kiasi chenyewe kilikuwa kidogo cha kuhurumiwa. Lerner akakipa jina melatonini, kwa sababu kinahusu chembechembe za rangi nyeusi ya ngozi.

Na mbalanga? Haikupona. Ngozi ya binadamu haikujali melatonini hata kidogo. Ng'ombe wote wale, na wagonjwa waliokusudiwa hawakupata kitu. Hata hivyo dunia ilipata homoni mpya, ikabaki kuuliza ni ya nini.

Kuanzia hapo habari inarudi kwenye uzazi. Mwaka 1963 Richard Wurtman, Julius Axelrod na Elizabeth Chu waliwapa panya wa kike melatonini. Ovari zao zikawa na uzito mdogo kuliko kawaida, na vipindi vya joto la kujamiiana vikapungua. Mwaka 1965 Roger Hoffman na Russel Reiter wakafanya jaribio lililosemwa sana. Walichukua hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, wakawanyima mwanga. Korodani za madume zikasinyaa. Lakini wale waliokuwa wametolewa tezi ya pineali kwanza, korodani zao zilibaki vile vile hata gizani. Wazo la breki likapata nguvu mpya: giza huingia machoni, tezi hutoa melatonini, uzazi unafungwa.

Lakini mtu akamgeukia kondoo, na hapo hesabu ikakataa. Ng'ambo huko, kama Uingereza, mchana wa kiangazi hufika saa kumi na sita na zaidi, na mchana wa baridi hupungua hadi saa nane hivi. Kondoo wa kule huanza kutafuta dume siku zinapofupika na usiku kurefuka, ili azae majira ya majani mabichi. Kwake yeye usiku mrefu hufungua uzazi. Katika miaka ya 1980 wafugaji wakaanza kuwatia kondoo kidonge cha melatonini chini ya ngozi ya sikio ili wapande mapema, maana mwili wa kondoo huyo hudhani usiku umerefuka. Homoni ile ile, kiasi kile kile cha giza, kwa hamsta ikafunga mlango na kwa kondoo ikaufungua.

Kwa maoni yangu kondoo ndiye aliyewafundisha wataalamu zaidi katika habari hii yote. Melatonini haifungi wala haifungui. Inatangaza tu: sasa ni usiku, na usiku huu una urefu huu. Kila mnyama huisikia habari hiyo akafanya linalomfaa. Sisi tulio kwenye mstari wa ikweta tangazo hilo halibadiliki, kwani usiku wa Juni na wa Desemba hapa Nairobi hutofautiana kwa dakika chache tu. Muulize mfugaji wa Nyandarua au Narok. Kondoo wake huzaa mwezi wowote. Lakini tangazo la kila siku, la kuingia na kutoka kwa usiku, mwili wako unalipokea kama wa mtu yeyote. Melatonini huanza kupanda jioni giza likiingia, hufika juu kabisa kati ya saa nane na saa kumi usiku, na hushuka kunapokucha.

Wazo la breki halikufa mara moja. Watafiti wa Uholanzi walijaribu kuitumia melatonini kama dawa ya kupanga uzazi, wakiichanganya na homoni nyingine, na matokeo yakachapishwa mwaka 1992. Kwa dozi kubwa kupita kiasi, iliweza kuzuia yai kutoka. Kidonge hicho hakikuwahi kufika sokoni. Nakitaja kwa sababu moja: usiache njia yako ya kupanga uzazi ukidhani vidonge vya usingizi vitakukinga. Havitakukinga.

Ilidhaniwa pia kwamba binadamu hajali mwanga kama wanyama wengine. Mwaka 1980 Alfred Lewy na wenzake huko Marekani waliwaamsha watu usiku wa manane wakawawashia taa kali sana. Melatonini kwenye damu ikaporomoka. Utafiti wa baadaye, wa mwaka 2011, ulionyesha kwamba hata taa ya kawaida ya chumbani kabla ya kulala hupunguza na kuchelewesha homoni hii. Mwanga wenye rangi ya samawati, kama ule wa kioo cha simu, ndio wenye nguvu zaidi ya kuizima. Koroboi ya nyanya ilikuwa na moshi na hatari zake, na siwezi kukwambia urudi huko, lakini mwanga wake wa manjano haukuugombeza usiku sana.

Sasa tuingie tumboni, mahali ambapo mama yetu wa kiwandani anangoja.

Mtoto aliye tumboni hajui usiku wala mchana. Haoni jua likitua. Tezi yake ya pineali bado haijaanza kutoa melatonini kwa mpangilio. Mwaka 1979 Steven Reppert na wenzake walionyesha kwa tumbili wenye mimba kwamba melatonini ya mama hupita kondo la nyuma kwa urahisi na kuingia katika damu ya mtoto. Mwaka 1983 Reppert na William Schwartz wakaonyesha kwa panya kwamba saa iliyo ndani ya ubongo wa kijusi tayari inatembea, na kwamba inaifuata saa ya mama. Kisha mwaka 1998 watafiti wa Japani waliwapa akina mama waliokaribia kujifungua kidonge cha miligramu 3. Melatonini ikapanda haraka katika damu ya kitovu.

Pima uzito wa jambo hilo. Homoni nyingi za mama huzuiliwa au hubadilishwa kwenye kondo la nyuma. Hii hupita. Kila usiku, mama anapokaa gizani, mtoto anapata habari kwamba kumekuchwa. Na mama anapomeza kidonge saa tatu asubuhi ili alale mchana, mtoto naye huambiwa ni usiku. Hawezi kuchungulia nje ahakikishe.

Kazi ya homoni hii haianzii hapo. Mwaka 1987 ilipatikana katika maji yanayozunguka yai ndani ya ovari, muda mfupi kabla yai halijatoka. Huko inaonekana kuwa mlinzi, kwa kuwa huondoa sumu za oksijeni zinazoweza kuliharibu yai. Mwaka 2008 Hiroshi Tamura na wenzake wa Japani waliwapa miligramu 3 kila usiku wanawake ambao mayai yao yalikuwa yameshindwa kutungishwa maabarani. Mayai ya mzunguko uliofuata yalitungishwa vizuri zaidi. Matumaini yalikuwa makubwa, na mpaka sasa kliniki nyingi za uzazi zinaendelea kuchunguza. Hata hivyo jambo analotaka mke na mume ni mtoto mikononi, na majaribio hayajathibitisha bila shaka kwamba vidonge hivi huongeza idadi ya watoto wanaozaliwa. Ukiuziwa kama dawa ya ugumba, shika pesa yako kwanza.

Mimba ikishika, melatonini ya usiku ya mama huongezeka. Watafiti wa Japani waliandika mwaka 2001 kwamba hupanda baada ya wiki ya 24, na kuwa juu zaidi baada ya wiki ya 32. Katika utafiti huo huo, akina mama waliokuwa na presha kali ya mimba walikuwa na kiasi kidogo kuliko wenzao. Kondo la nyuma lenyewe nalo hutengeneza melatonini yake, jambo lililothibitishwa na watafiti wa Kanada mwaka 2008.

Presha ya mimba, ile inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, huua akina mama hapa kwetu. Hivyo kila habari ya dawa mpya inapokewa kwa hamu. Huko Australia akina mama 20 wenye hali hiyo walipewa miligramu 10 mara tatu kwa siku, na matokeo yakatolewa mwaka 2018. Mimba zao ziliendelea siku sita hivi zaidi kuliko za akina mama wa nyuma waliolinganishwa nao, na madhara makubwa hayakuonekana. Siku sita kwa mtoto njiti ni nyingi. Lakini akina mama ishirini ni wachache, na hapakuwa na wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa wakati ule ule ili kulinganisha. Kwa sababu hiyo kliniki yako haikupi melatonini kwa ajili ya presha. Itakupa dawa za kushusha presha, na hali ikiwa mbaya, sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo ilithibitishwa mwaka 2002 kwa maelfu ya akina mama kutoka nchi nyingi. Kichwa kikikuuma sana, macho yakiona ukungu au nyota, uso na mikono ikivimba ghafla, au tumbo la juu likichoma, usingoje siku ya kliniki. Nenda hata kama ni usiku.

Wakunga wa zamani walijua kwamba mtoto hupenda kuja usiku. Takwimu zimewaunga mkono. Uchunguzi wa zaidi ya watoto milioni tano waliozaliwa Uingereza kati ya 2005 na 2014, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba uzazi ulioanza wenyewe bila kuchochewa ulifika kilele saa kumi alfajiri. Moja ya sababu huenda ni melatonini, kwa maana mwaka 2009 iligunduliwa maabarani kwamba huisaidia oksitosini kukaza misuli ya mji wa mimba. Na kazi yake haiishi mtoto akizaliwa. Mwaka 1993 watafiti wa Prague walikuta melatonini katika maziwa ya mama ya usiku, na katika maziwa ya mchana haikuonekana. Mtoto mchanga huchukua miezi miwili au mitatu kabla ya kujitengenezea ya kwake kwa mpangilio. Mpaka wakati huo ananyonya usiku kutoka titini mwako. Mnyonyeshe usiku kwa mwanga hafifu, simu ikiwa mbali.

Turudi kwenye chupa ya dada. Melatonini ilipata kuuzwa holela Marekani baada ya sheria ya mwaka 1994 kuviweka vidonge vya namna hii pamoja na virutubishi, ambavyo havipitii ukaguzi kama wa dawa. Mwaka 1995 kitabu The Melatonin Miracle kiliisifu kama dawa ya uzee na magonjwa mengi, na watu wakazinunua kama njugu. Uingereza iliendelea kuitoa kwa cheti cha daktari. Sasa sikiliza hili. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima aina 31 za vidonge vilivyonunuliwa madukani. Kingine kilikuwa na melatonini chini ya robo ya iliyoandikwa kwenye chupa. Kingine kilikuwa na mara kadhaa yake. Na katika aina nane walikuta serotonini, kemikali nyingine kabisa ambayo chupa haikuitaja. Dada alituma kwa upendo, na upendo hausomi yaliyomo kidongeni.

Mama asijilaumu kama alishameza kimoja au viwili. Hakuna ushahidi kwamba melatonini kidogo imemdhuru mtoto tumboni. Lakini hakuna pia majaribio makubwa yanayotosha kusema ni salama, na tumeona kwamba melatonini anayomeza mama, mtoto anaipata. Kama kuna sababu ya kuitumia, aamue daktari anayeitunza mimba hiyo.

Tatizo lake kubwa, kusema kweli, si chupa. Ni zamu. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark waliofuatilia wafanyakazi wajawazito zaidi ya elfu ishirini walieleza kwamba wale waliofanya zamu mbili au zaidi za usiku katika wiki moja, baada ya wiki ya 8 ya mimba, walikuwa na hatari ya mimba kutoka wiki iliyofuata iliyozidi ya wenzao kwa takriban theluthi moja. Mama wa miezi sita ameshapita sehemu kubwa ya hatari hiyo, na wengi wanaofanya kazi usiku hujifungua salama. Kama ni melatonini inayokosekana au ni uchovu, utafiti huo haukuweza kutenganisha. Hata hivyo ni sababu tosha ya kwenda kwa msimamizi na barua ya kliniki kuomba zamu ya mchana mpaka mtoto azaliwe.

Kama zamu haibadiliki, mama aulete usiku nyumbani kwake. Akitoka kazini avae kofia au ajifunike leso jua lisimpige machoni. Aingie kitandani moja kwa moja, kabla ya kufua na kupika. Dirisha alizibe kwa blanketi zito. Asinywe chai au kahawa nusu ya pili ya zamu. Kuanzia wiki ya 28 alale kwa ubavu. Na wanaoishi naye, hasa baba, wawachukue watoto wakacheze mbali na mlango huo hadi saa nane mchana. Baba anayesikiliza, hapo umetajwa.

Ujumbe wa pili wa mama huyo ulifika kabla hatujarekodi kipindi hiki. Chupa aliipeleka kliniki, na muuguzi akampima presha papo hapo, ilikuwa sawa. Blanketi liko dirishani. Msimamizi ameichukua barua, akasema atafikiria.